Rush in Rio: rekodi yenye kelele na uamuzi wa kuziacha kelele zibaki

Usiku wa tarehe 23 Novemba 2002, bendi ya roki ya Rush kutoka Toronto, Kanada, ilipanda jukwaani katika uwanja wa Maracanã jijini Rio de Janeiro mbele ya watu wapatao 40,000. Lilikuwa onyesho la mwisho la ziara iliyoanza mwezi Juni. Kamera zilikuwa tayari, mitambo ya kurekodi imewashwa, na hapakuwa na kesho ya kurudia endapo kitu kingeharibika. Bendi haikuwa imepima sauti, yaani kujaribu vyombo na maikrofoni kabla ya onyesho. Vifaa vilichelewa kufika uwanjani, tena vikiwa vimetoka kwenye mvua ya usiku uliotangulia. Kilichonaswa usiku ule kilitoka Oktoba 2003 kwa jina la Rush in Rio, CD tatu pamoja na DVD, na tangu siku hiyo mashabiki wa Rush hawajaacha kubishana juu yake.

Kuna wanaosema sauti ya albamu hii ni mbovu: besi imevimba, matoazi yanakwaruza, umati unaizidi bendi nguvu. Kuna wanaosema hii ndiyo rekodi ya laivu bora kuliko zote za Rush, na kwamba hicho kinachoitwa ubovu ni sehemu ya uzuri wake. Mimi niko upande huu wa pili, ingawa si kwa kila kitu. Naona kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa kina kwa sababu kila bendi inayorekodi laivu hufika hapa siku moja: umenasa usiku mzuri kwa sauti isiyo nzuri, sasa umekaa studio na mafaili yako. Unarekebisha nini, unaacha nini?

Watu watatu

Rush ilianza mwaka 1968. Geddy Lee ndiye mwimbaji, mpiga gitaa la besi na mpiga kinanda, na miguuni ana pedali za kupigia noti za chini. Alex Lifeson yuko kwenye gitaa. Neil Peart, aliyejiunga Julai 1974, alikuwa mpiga dramu na mwandishi wa mashairi karibu yote. Hadi wakati wa Rio hawakuwa wamewahi kwenda ziara na mwanamuziki wa nne. Sauti za ziada zinazosikika kwenye albamu zao za studio, vinanda, kengele, sauti za pili, walizitoa jukwaani wenyewe kwa kubonyeza vitufe na kukanyaga pedali huku mikono ikiendelea na ala. Ni mpangilio mgumu, na unategemea kila waya uwe mahali pake.

Albamu hii pia haieleweki bila kujua Peart alikuwa ametoka wapi. Tarehe 4 Julai 1997 bendi ilimaliza ziara yake jijini Ottawa. Mwezi uliofuata binti yake wa pekee, Selena, mwenye miaka 19, alifariki kwa ajali ya gari. Miezi kumi baadaye mkewe, Jackie, akafariki kwa saratani. Peart aliwaambia wenzake wamhesabu kuwa amestaafu. Akapanda pikipiki na kuzunguka Kanada, Marekani na Mexico kwa zaidi ya kilomita 80,000, safari aliyoisimulia katika kitabu chake cha mwaka 2002, Ghost Rider. Lee na Lifeson hawakumshurutisha, wala hawakutafuta mpiga dramu mwingine. Walikaa kimya wakingoja, na ninaamini subira ile ndiyo jambo kubwa kuliko yote waliyowahi kufanya wakiwa bendi. Aliporudi kwa hiari yake, wakaingia studio Januari 2001 na kutumia zaidi ya mwaka mzima kutengeneza albamu ya Vapor Trails, iliyotoka Mei 2002. Inaanza na dramu peke yake, mguu kwa mguu, kwa kasi, kabla gitaa halijaingia. Mtu ambaye hakuna aliyejua kama angeshika tena vijiti ndiye anayefungua.

Ziara ikaanza Hartford, Connecticut, tarehe 28 Juni 2002. Walipofika Rio, Peart alikuwa ametimiza miaka 50 miezi miwili iliyopita, wenzake wakiwa na 49.

Brazili ilikuwa imesubiri

Rush walikuwa hawajawahi kupiga Brazili. Hata hivyo muziki wao ulikuwa umefika zamani, na kwa njia ambayo bendi yenyewe haikuipanga: televisheni ya Globo iliuweka wimbo wao "Tom Sawyer" wa mwaka 1981 kuwa mlio wa kufungulia tamthilia ya Kimarekani ya MacGyver, ambayo huko waliipa jina la Profissão: Perigo. Kizazi kizima cha watoto wa Brazili kilikua na kinanda kile masikioni, wengine bila kujua jina la bendi. Ndiyo maana onyesho la Rio linapofunguka kwa "Tom Sawyer", kinachotoka kwa umati ni mlipuko wa watu waliokutana na kitu cha utotoni mwao.

Maonyesho yalikuwa matatu. Porto Alegre tarehe 20 Novemba. São Paulo tarehe 22, katika uwanja wa Morumbi, mbele ya watu karibu 60,000 na chini ya mvua kubwa. Rio tarehe 23. Kwa ajili ya mashabiki wa ukanda ule bendi ilirudisha kwenye orodha wimbo wa "Closer to the Heart", uliokuwa umeachwa nje sehemu kubwa ya ziara, kwa sababu walijua unapendwa sana huko. Wakati huo hawakujua watu wangeuimba vipi.

Wanaofuatilia historia ya maonyesho makubwa watakumbuka kwamba Morumbi hiyohiyo ndipo Queen, wakiongozwa na Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, walipopiga Machi 1981 mbele ya umati uliozidi watu 100,000, na umati ukamsaidia Mercury kuimba "Love of My Life". Brazili ilishaonyesha tabia yake kwa bendi za roki. Hadhira ya huko huja na sehemu yake ya kuimba tayari mkononi.

Malori, mvua na saa zilizokosekana

Kutoka São Paulo hadi Rio ni kama kilomita 430 kwa barabara. Kwa msafara wa malori uliobeba jukwaa, taa, skrini na vyombo, hiyo ni safari ya usiku mzima hata barabara ikiwa wazi, na usiku ule haikuwa hivyo. Fikiria mlolongo wa kazi: onyesho linaisha São Paulo karibu usiku wa manane, vifaa vimelowa, vinafunguliwa vikiwa hivyohivyo, vinapakiwa, vinasafirishwa, halafu vinatakiwa kusimamishwa upya kabla mageti hayajafunguliwa siku hiyohiyo. Mafundi hawakuwa wamelala. Msafara ulipofika Maracanã muda ulikuwa umekwisha. Kupima sauti kukafutwa.

Kwa bendi ya gitaa, besi na dramu za kawaida, kukosa kupima sauti ni usumbufu. Kwa Rush ni hatari. Kila sauti ya ziada iliyohifadhiwa kwenye mashine lazima iitike kwa kitufe chake, na maji yakiingia kwenye kiunganishi kimoja wimbo mzima unaweza kukosa kinanda. Tena siku hiyo kulikuwa na kazi mbili kwa pamoja: kuwapigia watu 40,000 uwanjani na kurekodi albamu. Kupima sauti ndiyo saa ambayo fundi wa kurekodi hujua kila maikrofoni inapokea kiasi gani. Bila saa hiyo anakisia, na kisio lake ndilo linalobaki kwenye rekodi milele.

Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo wengi wanaoilaumu albamu hulipita. Maikrofoni ya jukwaani haichagui. Ile iliyo mbele ya mdomo wa Lee inanasa sauti ya Lee, inanasa matoazi ya Peart yaliyo nyuma yake, na inanasa umati ulio mbele yake. Ukumbini, palipo na kuta na watu elfu chache, umati unabaki chini ya bendi. Katika uwanja wa mpira, watu 40,000 wakiimba kwa pamoja wanaingia kwenye kila maikrofoni iliyo wazi. Fundi akitaka kuupunguza umati baadaye studio, anapunguza pia mwimbaji, kwa sababu viwili hivyo viko ndani ya njia moja ya rekodi. Njia pekee ya kuutoa kabisa ni kumwita Lee studio aimbe upya, na hapo umeacha kutoa albamu ya laivu.

Upande wa Lee jukwaani ulikuwa na mashine tatu kubwa za kukaushia nguo, zikizunguka na fulana ndani. Ni mapambo yenye sababu ya kweli. Lee alikuwa ameacha kutumia spika za nyuma kwa ajili ya besi. Sauti ya besi hiyo ilikwenda moja kwa moja kwenye mitambo, kwa hiyo upande wake ulikuwa mtupu na kitu kikawekwa kujaza nafasi. Maana yake kwenye rekodi ni kwamba gitaa la besi lilikuwa moja ya sauti chache usiku ule ambazo umati haukuweza kuzigusa. Ndiyo maana lawama ya besi iliyovimba siielekezi kwa uwanja. Hiyo ilitoka mahali pengine, na nitaifikia.

"YYZ", kwa karibu

Ukitaka kuamua mwenyewe uko upande gani, sikiliza wimbo wa sita, "YYZ". Hauna maneno. Unaanza na mdundo wa alama za simu za zamani: mrefu, mfupi, mrefu, mrefu, tena hivyohivyo, kisha mrefu, mrefu, mfupi, mfupi. Ni herufi Y, Y na Z, alama ya uwanja wa ndege wa Toronto, nyumbani kwao. Gitaa na besi vinauchukua mdundo huohuo wenye hesabu isiyo ya kawaida, ambayo mpiga muziki wa kawaida anahitaji muda kuizoea, halafu mlango unafunguka na wimbo unaingia kwenye melodia yake kuu.

Hapo ndipo watu wa Rio wanapofanya kitu ambacho bendi haikuwahi kukutana nacho. Wanaiimba melodia. Hakuna maneno, kwa hiyo wanaimba noti zenyewe, "oo, oo, oo", kila kona na kila mruko, wakati wote wakirukaruka. Kwenye DVD unaona uwanja mzima wa chini ukipanda na kushuka. Hawapigi makofi tu kuifuata bendi. Wanapiga ala ya nne kwa koo zao.

Ukisikiliza kwa makini utagundua uimbaji wao unachelewa kidogo nyuma ya dramu. Hilo lina maelezo. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Mtu aliyesimama mita 100 kutoka kwenye spika anaisikia noti karibu theluthi moja ya sekunde baada ya kupigwa, na sauti yake mwenyewe inahitaji muda kama huohuo kurudi jukwaani. Umati wa uwanja mkubwa hauwezi kuwa sawa na bendi hata kila mtu akiimba bila kosa. Mchelewo huo ndio ukubwa wa Maracanã, umerekodiwa. Ukiufuta kwa mashine, utabaki na umati unaosikika kama uko ndani ya chumba.

Wengi kati ya watu hao hawakuzungumza Kiingereza, lakini kwenye nyimbo zenye maneno waliimba kila mstari. Sisi tuliokulia tukiimba nyimbo za Franco na Tabu Ley bila kujua Kilingala hatuhitaji kuelezwa jinsi jambo hili linavyowezekana.

Kazi ya studio

Kuchanganya sauti, yaani kuamua kila sauti iliyorekodiwa isikike kwa kiasi gani, kulifanywa na Alex Lifeson mwenyewe pamoja na James "Jimbo" Barton, fundi aliyekuwa ameshafanya kazi na Rush kwenye albamu za Power Windows ya 1985 na Hold Your Fire ya 1987. Hawa hawakuwa wageni wa sauti safi. Albamu hizo mbili za miaka ya 1980 ziling'arishwa mpaka kila kinanda kina nafasi yake. Kwa hiyo uamuzi wa kuuacha umati juu haukutokana na kutojua kazi.

Na walikuwa na mfano wa kinyume ndani ya nyumba yao. Mwaka 1976 Rush walitoa All the World's a Stage, iliyorekodiwa Massey Hall, Toronto: ngumu, chafu, ya vijana. Mwaka 1981 wakatoa Exit... Stage Left, na hapo wakageuka upande wa pili kabisa. Ilisafishwa sana, na watazamaji wakashushwa hadi unaweza kusahau kwamba wapo. Ilinunuliwa, inapendwa, uchezaji wake ni wa kiwango cha juu. Lakini muulize shabiki wa siku nyingi sehemu anayoikumbuka zaidi kwenye albamu ile, na mara nyingi atakutajia "Closer to the Heart" iliyonaswa Glasgow, pale watu wanaposikika wakiimba, hadi bendi ikawaandika kwenye jalada kama kwaya ya Glasgow. Katika albamu nzima iliyosafishwa, walipoacha mlango wazi kidogo, hapo ndipo watu walipopapenda. A Show of Hands ya 1989 ilifuata njia ileile ya usafi, na kwangu ndiyo albamu yao ya laivu ninayoirudia mara chache zaidi. Hakuna noti mbaya ndani yake, ila sijui ilipigwa wapi wala kwa nani.

Kwenye Rush in Rio, "Closer to the Heart" inarudi, na safari hii kwaya ni ya watu 40,000. Lee ana sehemu ambapo anaweza kuacha kuimba na wimbo ukaendelea bila pengo. Lifeson na Barton wangeweza kuushusha umati mahali pengi na kumpandisha Lee. Waliuacha. Naona ulikuwa uamuzi wa haki, kwa maana rahisi ya neno hilo: wale watu walikuwa wamesubiri zaidi ya miaka 20, walikuja, waliimba vizuri, na kuwapunguza kungekuwa kuficha nusu ya kilichotokea.

Kuna sababu nyingine inayomhusu Peart. Nyimbo nyingi za Vapor Trails zimekusanyika katika CD ya pili: "One Little Victory", "Ghost Rider", "Secret Touch". "Ghost Rider" ni ile safari ya pikipiki, imeandikwa na mtu aliyekuwa anakimbia kila kitu. Kwenye albamu ya studio wimbo huu unasikika wa upweke, na ilikuwa sawa uwe hivyo. Kule Rio anaupiga huku maelfu ya watu wakiimba maneno aliyoyaandika akiwa katika hali ambayo hata kuongea na rafiki ilikuwa shida. Lee ndiye anayeimba, Peart hasemi neno usiku mzima, yuko nyuma ya dramu zake na uso uleule wa kazi. Lakini rekodi iliyoufuta umati ingefuta jibu alilopewa.

Solo yake ya dramu imepewa jina la Kireno, "O Baterista". Dramu zake ziko kwenye jukwaa dogo linalozunguka, mbele ngoma za kawaida na nyuma za umeme, na anazigeukia zote ndani ya solo moja. Katikati kuna melodia ya aina ya marimba iliyopigwa kwenye vibao vya umeme, na mwishoni muziki wa bendi kubwa ya jazi ya Count Basie unaingia na yeye anapiga juu yake. Mwaka 1994 Peart, akiwa tayari anahesabiwa miongoni mwa wapiga dramu bora wa roki duniani, alikwenda kwa mwalimu mzee wa jazi, Freddie Gruber, kujifunza upya namna ya kushika vijiti. Sehemu ile ya Basie ni matunda ya darasa hilo. Solo hii iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Baada yake wanakuja Lee na Lifeson na magitaa mawili yasiyo ya umeme kupiga "Resist", na kwa dakika chache dramu zimenyamaza na sauti ya rekodi inafunguka kabisa. Kumbe uwanja ule ungeweza kusikika vizuri. Kilichohitajika ni vyombo vichache.

Lawama zenye haki

Sikubaliani na wanaoisifu albamu hii kana kwamba haina kosa. CD zake zimebanwa mno, yaani tofauti kati ya sauti ndogo na sauti kubwa imepunguzwa ili kila kitu kisikike kwa nguvu. Mwaka mmoja tu kabla, Vapor Trails ilikuwa imetolewa ikiwa imesukumwa juu kwa sauti kiasi cha kuumiza masikio, kosa ambalo bendi ilikuja kulirekebisha mwaka 2013 kwa kumpa David Bottrill kazi ya kuichanganya upya yote. Kwenye Rush in Rio nasikia tabia ileile: vyote viko juu kwa wakati mmoja, hakuna sehemu ya chini ya kupumzikia, na gitaa la besi, ambalo kama nilivyosema liliingia kwenye mitambo bila kuchafuliwa na uwanja, linatoka likiwa limevimba. Hilo halikusababishwa na malori wala mvua. Ulikuwa uchaguzi uliofanywa baadaye, na ulikuwa uchaguzi mbaya. Malalamiko mengi juu ya umati, nikiyasikiliza vizuri, naona yanalalamikia ubanaji huu: umati ukiwa juu na pia umebanwa pamoja na matoazi, sikio linachoka ndani ya nusu saa.

Lee naye amechoka. Ni mwisho wa ziara ya miezi mitano, siku mbili mfululizo, na sehemu za juu za "Freewill" anazifikia kwa kukaza koo. Simlaumu, na nashukuru hawakumrudisha studio, lakini anayetaka kusikia uimbaji wake bora asianzie hapa.

Ushahidi kwamba ubanaji ndio tatizo, na umati sio, uko kwenye DVD. Ni usiku uleule, nyimbo zilezile, lakini ukiicheza kwa spika tano zinazozunguka chumba, umati unahamia pembeni na nyuma yako na bendi inabaki mbele. Ghafla kuna nafasi. DVD hiyo ilipewa tuzo ya Juno mwaka 2004 kama DVD bora ya muziki nchini Kanada, na ina filamu ya ziada, The Boys in Brazil, iliyotengenezwa na Andrew MacNaughtan, inayowaonyesha watatu hawa katika siku zile za safari, mvua na uchovu. Mwenye uwezo wa kupata toleo moja tu achukue DVD.

Baada ya hapo Rush waliendelea kutoa rekodi za laivu karibu kila ziara: Frankfurt mwaka 2004, Rotterdam 2007, Cleveland 2011. Zote zina sauti safi kuliko Rio. Ziara yao ya mwisho wakiwa na Peart iliishia Los Angeles tarehe 1 Agosti 2015, na Peart alifariki Januari 2020 kwa saratani ya ubongo. Ukiziweka rekodi hizo mfululizo unasikia bendi inayojua kazi yake vizuri zaidi kila mara, na mafundi waliopata muda wao wa kupima sauti.

Wenyewe wameweka jaribio zuri mwishoni mwa CD ya tatu, sijui kama kwa makusudi. Onyesho la Rio linafungwa na "Working Man", wimbo wa albamu yao ya kwanza ya mwaka 1974. Kisha zinafuata nyimbo mbili za nyongeza kutoka maonyesho mengine ya ziara hiyohiyo: "Between Sun & Moon" ya Phoenix, Arizona, Septemba 2002, na "Vital Signs" ya jiji la Quebec, Oktoba. Hizi zimechotwa moja kwa moja kwenye meza ya mitambo, bila maikrofoni za watazamaji kufanya kazi kubwa. Kila ala iko peke yake, unaweza kuhesabu noti za Lee kidole kwa kidole, gitaa la Lifeson liko wazi kama kioo. Uchezaji ni mzuri mno, na "Vital Signs" hasa inafaa kusikilizwa na kila anayependa besi. Watu waliolipa kiingilio Phoenix na Quebec wako mbali sana, kama redio ya jirani. Sikiliza dakika tano za mwisho za "Working Man" na dakika tano za "Vital Signs", moja baada ya nyingine, kwa sauti sawa, na utajua bila kuelezwa na mtu Lifeson na Barton walikuwa wanachagua kati ya nini na nini.